Namba Mbili kwenye Karte

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, 26 Februari 2007

Ernestine mwanangu,

Anayesema ni mimi mama yako, anayeandika ni mdogo wako Lévi. Ukikuta neno gumu ujue ni lake, mimi sikulisema.

Tuko wazima. Mgongo tu ndio unanisumbua, na kisa ni bomba. Tangu lile bomba la juu liharibike, watu wote wamehamia kwenye letu. Naweka ndoo yangu kwenye foleni jua likichomoza, narudi nyumbani jua likiwa utosini. Juzi Mauwa, yule wa Kindu anayeuza vitenge, ndiye anayekuletea barua hii akija kununua mali huko kwenu, sokoni Old Town, alisimama pale kwenye foleni akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo: "Bamama, siye njo tunachota, siye njo tunabeba. Lakini komite ya maji inachaguliwa na bale benye habajashika ndoo hata siku moja." Tulicheka sana. Halafu kicheko kikaisha, kila mtu akaangalia ndoo yake.

Kanuni unaijua. Karte moja ya posho, kura moja, na anayepiga ni yule mwenye jina la kwanza kwenye karte. Kwenye yetu jina la kwanza ni Lévi. Mimi niko chini yake, namba mbili. Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamvusha mipaka mitatu, na kwenye karatasi mimi ni namba mbili wa mtoto wangu.

Sasa wamama wanataka kila mtu mzima awe na kura yake. Komite itaamua tarehe thelathini Aprili. Wako saba, wanaume watupu, na président wao ni Papa Cirhuza. Na wana utaratibu wao: hawasikilizi ombi la mdomo. Mwenye ombi ni sharti aliandike kwa mkono wake mwenyewe, na awe na karte ya kata yetu, kisha sekreteri alisome kikaoni neno kwa neno. Mauwa anajua kuandika, aliandika, wakamrudishia kwa kuwa karte yake ni ya kata nyingine. Sisi wengine kalamu hatuijui. Tangu komite iwepo, hakuna ombi la mama lililowahi kusomwa mle ndani.

Wewe unayesoma vitabu, nijibu. Kuna mahali popote duniani ambapo wanawake waliomba jambo kama hili wakapewa?

Mama yako,
M'Lwaboshi

*

Kawale, Lilongwe, 11 Machi 2007

Mama yangu mpendwa,

Nimelisoma swali lako mara nne, na huwezi kuamini jibu lilikuwa wapi. Lilikuwa chini ya cherehani yangu, likishikilia mguu mmoja uliokatika.

Kulikuwa na madame wa mtaa wa Area 49 niliyekuwa nikimshonea. Alipohama aliniachia sanduku la vitabu. Kimoja ni cha Kiingereza, kinene, kuhusu wanawake wa jimbo la Tennessee, kusini mwa Amerika. Nilikuwa nakitumia kama jiwe. Siku ile nilikitoa, nikakipangusa, nikaanza kusoma na kamusi pembeni. Mama, sijashona vizuri wiki mbili hizi. Wateja wananinunia na mimi sijali.

Sikia. Wanawake wa Amerika walidai kura kwa zaidi ya miaka sabini. Sabini, Mama! Wale walioanza walizeeka wakafa bila kupiga hata moja, wakawaachia mabinti zao, nao wakaendelea. Ikafika mwaka 1920. Ili sheria ipite nchi nzima, majimbo thelathini na sita yalitakiwa kukubali. Thelathini na matano yalishakubali. Likabaki moja tu kutimiza hesabu, na macho yote yakageukia Tennessee.

Ilikuwa Agosti, joto kali. Wote walifika mji mkuu wa jimbo, wanaotaka na wasiotaka, wakajaa hoteli moja. Waliotaka wanawake wapige kura walivaa ua la njano kifuani, waliokataa walivaa jekundu. Kwa hiyo ukitazama vifua vya wabunge ungeweza kuhesabu kura kabla hazijapigwa. Na mekundu yalikuwa mengi.

Siku yenyewe bunge lilipiga kura mara mbili kama jambo liahirishwe, na mara zote mbili pande zikalingana sawasawa. Kisha wakaitwa mmoja mmoja, sasa kwa jambo lenyewe. Alikuwamo mbunge mdogo kuliko wote, miaka ishirini na minne, ana ua jekundu kifuani. Kila mtu alimhesabu upande wa wanaokataa. Jina lake likaitwa, naye akasema: ndiyo. Neno hilo moja likatosha, na wanawake wa Amerika wakaipata kura yao.

Watu walimjia juu kwa hasira. Kesho yake akasimama bungeni akaeleza. Mfukoni mwake alikuwa na barua ya mama yake, mjane, mkulima. Barua ndefu ya habari za nyumbani, na katikati yake mama alimwambia awapigie wanawake kura. Akasema kijana akifuata shauri la mama yake hapotei.

Mama, nilipofika hapo nilifunga kitabu nikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa. Barua moja ya mama mmoja kutoka shambani!

Binti yako,
Ernestine

*

Dzaleka, 19 Machi 2007

Ernestine mwanangu,

Barua imefika na nimesomewa. Mwisho wa hadithi umenifurahisha sana.

Hayo maua ya njano yamenikaa kichwani. Nikawasimulia wamama pale bombani, hata wale wapiga kelele walisogea kusikiliza. Hapa maua hatuna. Lakini wewe ni fundi, hukosi vipande vya kitambaa cha njano vinavyobaki mezani. Mpe Mauwa atuletee, tufunge kwenye vishikio vya ndoo.

Nina swali moja. Huko kusini mwa Amerika kuna watu weusi, hilo tunalijua hata sisi tusiosoma. Je, hiyo kura ilikuwa ya wanawake wao pia? Usinifiche.

Mama yako,
M'Lwaboshi

*

Dzaleka, 26 Machi 2007

Mwanangu Ernestine,

Ni mimi Mauwa. Safari hii naandika na mimi, maana kuna jambo limenikwama kooni.

Mama yako analalamika kwamba hadithi yako haina mkia. Anasema ulifika kwenye maua ya njano na maua mekundu, watu wanasubiri, basi, karatasi ikaisha. Alimwuliza Lévi, "Halafu ikakuwa je?" Lévi akamjibu barua imeishia pale. Mimi barua yako niliibeba mwenyewe, nikaishika, ilikuwa nene. Ya karatasi mbili, au nimekosea?

Tena sijui kama umeambiwa. Sekreteri wa komite ya maji tangu mwaka jana ni nani? Ni Lévi wenu. Walimchagua kwa ule mwandiko wake mzuri. Watatu wamesema watatukubalia, akiwemo mume wangu Djafari, ambaye yumo kwenye komite kuwakilisha kata yetu sisi, watu wa lile bomba la juu lililoharibika, na nyumbani ameshaelezwa vya kutosha. Watatu wamekataa, Papa Cirhuza akiwa mmojawapo. Wa saba ni Lévi. Akiulizwa anasema, "Nitaangalia."

Mama yako huja kwangu kila alasiri, tunakaa nyuma ya vitenge. Tunachofanya huko amenikataza kusema, na mimi siri ya mtu siuzi.

Vitambaa vimefika. Ndoo arobaini na tatu zina njano.

Mauwa

*

Kawale, 1 Aprili 2007

Lévi,

Nimekuandikia wewe peke yako. Ukiisoma hii, huna haja ya kuchagua cha kusoma na cha kuruka.

Kwa hiyo uliufikia mwisho, ukaona kuna mama na kuna mtoto wake na kuna barua, ukakunja karatasi. Halafu ukachukua kalamu ukaniandikia kwa jina lake kwamba mwisho umemfurahisha! Mama yetu amekukabidhi macho yake, Lévi. Anakaa mbele yako anasikiliza, anaamini kila kinachotoka mdomoni mwako ndicho nilichokiandika. Hata mwizi wa sokoni ana aibu kuliko wewe.

Na sekreteri wa komite ni wewe. Mwezi mzima tunaandikiana habari za bomba, wewe unaniandikia kwa sauti ya Mama kana kwamba wewe mambo hayo hayakuhusu. Unaogopa nini? Niambie, mimi ni dada yako, nimekulisha kwa mkono huu.

Swali la Mama msomee jibu lake, na safari hii neno kwa neno: Mama, umeuliza vizuri. Wanawake weusi walikuwamo katika mapambano, walikusanya watu, walihutubia, na katika baadhi ya miji ya Tennessee walijiandikisha wakapiga. Lakini sehemu nyingi za kusini walizuiwa kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma, na kwa vitisho. Wengi waliingoja miaka mingine arobaini na mitano. Walingoja, Mama, na hawakuacha mapambano wakarudi nyumbani.

Ernestine

*

Dzaleka, 10 Aprili 2007

Yaya Ernestine, dada yangu mkubwa,

Sina pa kujificha. Ni kweli, yote.

Jibu la wanawake weusi nimemsomea, neno kwa neno. Akasema, "Arobaini na tano juu ya sabini. Bale bamama bako na moyo." Akaniomba nirudie. Nikarudia mara tatu.

Umeuliza naogopa nini. Unakumbuka siku tulipofika hapa, kwenye meza ya kuandikishwa? Wewe ulikuwa na homa, umelala juu ya mizigo. Baba tulikuwa tumemzika wiki tatu nyuma. Yule mwandishi aliuliza, "Mkuu wa familia ni nani?" Mama akatazama chini. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na miaka kumi na sita, viatu vya baba vinanipwaya, na yule mtu akaandika jina langu pale juu. Kutoka siku ile nikajiona mtu. Shule sikumaliza, kazi sina, nchi sina. Ile nafasi ya kwanza kwenye karte njo kitu pekee nilichopewa nikiwa na akili zangu. Kila mtu mzima akiwa na kura yake, mimi nabaki nani?

Nilipofika kwenye barua ya yule mjane, ulimi ulikataa. Sikupanga. Kisha siku zikapita, ikawa vigumu kurudi nyuma.

Mwisho sijamsomea bado. Nikimsomea sasa itakuwa kama namwambia aniandikie, nawe unajua hajui kuandika. Nitamsomea baada ya kikao.

Mdogo wako,
Lévi

*

Dzaleka, 1 Mei 2007

Yaya,

Naandika kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Ulimwambia Mama? Niapie. Ulimtuma Mauwa amweleze habari ya yule mjane na barua yake? Maana mimi sikufungua mdomo.

Jana tulikaa kwenye chumba cha kanisa, saba kamili. Nje wamama wamejaa, ndoo zao chini, kila moja na njano yake. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Papa Cirhuza akaniambia nifungue sanduku la maombi. Mlikuwa na barua tatu: moja ya ugomvi wa uzio, moja ya mtu anayetaka kulinda bomba, na ya tatu karatasi ya kaye, daftari la shule, iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Herufi kubwa, nyingine zinapanda, nyingine zinashuka, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Mwandiko huo sikuwahi kuuona maishani mwangu. Nikasimama nikaanza kusoma, sijui hata ni ya nani. Nainakili hapa ilivyo:

"Kwa sekreteri wa komite ya maji. Mi naitwa M'Lwaboshi. Niko namba mbili kwenye karte ya mutoto yangu."

Yaya, nilisimama hapo. Papa Cirhuza akasema, "Soma, sekreteri. Neno kwa neno, njo kanuni." Nikaendelea.

"Maji ya ile nyumba, mi njo naleta. Maji yenye ulikunywa leo asubuhi mbele ya kuja hapa, mi njo nilileta. Siombi mutoe jina ya mutoto yangu kule juu. Ibakie kule. Siku tulifika hapa, alinyoosha mukono sababu mi nilishindwa kusema, na sijasahau. Naomba tu kura yangu nayo ihesabiwe. Mulisema mama hajue kuandika. Hii nimeandika siku kumi na moja."

Chini yake ametia sahihi kwa jina la baba yake, babu yetu, ambalo kwenye karte halimo.

Siku kumi na moja, Yaya! Anaandika, anarudi nyumbani, ananipikia nsima na maharage, anakaa mbele yangu nimsomee barua zako, na uso wake hauoneshi kitu. Mimi nilidhani namficha jambo. Kumbe ndani ya nyumba ile ile, aliyekuwa na siri kubwa ni yeye.

Papa Cirhuza akaita kura. Wanaokubali, mikono mitatu. Wanaokataa, mitatu. Wote wakanigeukia. Nikakumbuka ile meza ya kuandikishwa. Nikanyoosha mkono, na safari hii nilijua naunyoosha kwa ajili ya nani.

Papa Cirhuza alinitazama, kisha akaitazama ile karatasi mkononi mwangu. Akasema, "Andika kwenye kitabu: nne kwa tatu." Akatoka nje kuwaambia yeye mwenyewe, na hilo namheshimu.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti. Akasema, "Simama, utachafua suruali, mi njo nafua."

Barua ya Mama nimeiweka mfukoni mwa shati. Siwezi kuitoa.

Lévi

*

Kawale, 6 Mei 2007

Lévi mdogo wangu,

Sikumwambia. Nakuapia kwa kaburi la baba. Mauwa nimemwuliza leo, anasema alimfundisha herufi tu, na hadithi yenyewe hata yeye hajui mwisho wake.

Nimekaa na barua yako tangu adhuhuri, siwezi kushona. Mjane wa Tennessee hakumjua mama yetu, na mama yetu hakumjua yeye. Kila mmoja alichukua kalamu kwa akili yake mwenyewe, kwa mtoto wake mwenyewe. Nywele zinanisimama, Lévi.

Hasira zangu zimekwisha. Sasa msomee ule mwisho, amekudai muda mrefu.

Yaya wako,
Ernestine

*

Dzaleka, 17 Juni 2007

Ernestine mwana wangu,

Leo anayesema ni mi, anayeandika ni mi. Usicheke herufi zangu.

Jumapili iliyopita tulichagua mutu mumoja wa komite ya maji. Kila mutu mukubwa alipewa punje moja ya mahindi. Ndani ya chumba kuna ndoo tano, moja ya kila mwenye anaomba kazi, na mbele yake pazia la kitenge ya Mauwa. Unaingia peke yako. Hakuna mutu anakuona.

Lévi alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Akafika kwenye mulango akasimama kando, akasema, "Mama, pita." Nikamwambia, "Hapana, we uko wa kwanza, pita." Akapita. Halafu mi.

Ernestine, ile punje ni ndogo. Nimepanda mahindi maisha yangu yote, nimemenya, nimetwanga, sijawahi kuangalia punje moja vile niliangalia ile. Nilisimama nyuma ya pazia mupaka bakaniita, "Mama, bado?" Nikawajibu bado. Nilitaka nikae nayo kidogo. Halafu nikaitupa kwenye ndoo yenye nilitaka, na nikasikia sauti yake ikianguka. Tii. Ile sauti ni yangu mi.

Nani alishinda utamusikia kwa Mauwa, yeye njo ana maneno.

Sasa jambo la mwisho. Lévi alilia mbele yangu, akanipa barua yako ya Machi, karatasi zote mbili, akasema, "Nilikuficha mwisho, acha nikusomee." Nikakataa. Nimeiweka chini ya mutungi. Kila siku nikitoka kwenye bomba nasoma mustari moja, mara ingine mbili kama mgongo hauniumi. Jana nimefika kwenye yule kijana mwenye ua jekundu, jina yake imeitwa.

Usiniambie alisema nini. Lévi naye nimemukataza. Nitafika.

Mama yako,
M'Lwaboshi